Gemu za Bure Zilivyopita Karatu: Kutoka Kinyesi cha Tembo Mpaka Ndege ya Kamari

Jioni moja ya mwaka 1976, pale Laetoli ndani ya eneo la Ngorongoro, wanasayansi waliokuwa wametembelea kambi ya uchimbaji walikuwa wamemaliza shughuli za siku. Hawakuwa na mpira wala karata. Wakaanza kurushiana kinyesi cha tembo kilichokauka. Watu wazima kabisa, wenye shahada zao. Mmoja akakwepa, akateleza akaanguka, na alipokuwa pale chini akaona kitu kwenye mwamba: vijishimo vya matone ya mvua na nyayo za wanyama, vyote vimeganda kwenye majivu ya volkano. Miaka miwili baadaye, 1978, timu ya Mary Leakey ikapata hapohapo Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita.

Habari ya nyayo kila mtu anaijua, iko hadi kwenye vitabu vya shule. Kile kinyesi ndicho husahaulika. Lakini ukitaka kuandika historia ya michezo ya bure katika ukanda huu, huwezi kupata mfano safi kuliko huo. Kifaa cha bure, uwanja wa bure, hakuna kiingilio, hakuna tangazo, hakuna bando. Watu walikuwa na saa moja tupu, wakaijaza.

Na saa tupu Karatu zipo za kumwaga.

Mgeni akipita anaona mji wa haraka. Landcruiser zinakimbia kuwahi geti la Lodoare, bodaboda zinakatiza, maduka ya batiki yanaita. Anayeishi pale anajua kwamba Karatu ni mji wa kusubiri. Dereva wa utalii anasubiri wageni wake wamalize kifungua kinywa kwenye loji ambayo yeye halali. Yeye analala gesti ya mjini. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anasubiri bei ipande. Muuza mitumba anasubiri mnada wa tarehe 7 na 25. Mpishi wa kambi pale Simba, juu ya ukingo wa kreta, anasubiri kwenye baridi magari yaliyoshuka alfajiri yapande tena. Na Aprili ikifika, mvua za masika zikianza, mji mzima unasubiri Juni.

Watu wanaosubiri hucheza, haijaanza leo. Wamaasai wana enkeshui, ndugu yake bao, ambao unaweza kuuchezea popote penye udongo wa kuchimba mashimo na kokoto za kutosha. Huko Hyrax Hill karibu na Nakuru kuna bao zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe, na aliyechimba mahali hapo mwaka 1937 ni huyohuyo Mary Leakey, miaka 40 kabla ya nyayo za Laetoli. Bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64 lilitoka pwani likapanda bara. Drafti nayo ikaenea kila kijiwe, ubao umechorwa kwenye kipande cha mbao, kete ni vizibo vya soda: wewe vyako vimetazama juu, mwenzako vimetazama chini. Ukishindwa unaondoka na aibu tu. Hakuna aliyesimama pembeni kukusanya ushuru.

Huyo mkusanya ushuru ndiye wa kumwangalia katika habari yote inayofuata.

Gemu za intaneti ziliingia Karatu kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilifika kutoka Makuyuni hadi geti la Ngorongoro kwa msaada wa Japani, watalii wakaongezeka, na watalii wa wakati ule walikuwa na shida moja kubwa: kutuma barua pepe nyumbani. Hapo ndipo vikafunguliwa vyumba vyenye kompyuta chache na dishi la setilaiti juu ya bati. Internet kafe, kama zilivyoitwa. Bei ilipangwa kwa mfuko wa Mzungu, kwa dakika. Lakini Mzungu anakuja saa kumi na mbili jioni akitoka kreta, na asubuhi ameshaondoka. Mchana kutwa mashine zimekaa. Mwenye kafe ana mkopo, umeme unalipiwa, dishi linalipiwa. Akaanza kuwakaribisha vijana wa mji kwa bei ya chini.

Chukua kijana mmoja wa shule ya sekondari wa mwaka 2006 hivi. Jina halina haja, maana wa aina yake walikuwa wengi, na baadaye wengi wao waliishia kwenye utalii. Aitwe tu mpishi, kwa sababu huko ndiko alikokuwa anaelekea. Ana shilingi mia kadhaa za chenji alizozibana. Anaingia kafe eti kutafuta matokeo ya mtihani. Anakuta mwenzake wa jirani anapiga pengwini kwa rungu.

Hiyo ilikuwa Yetisports, gemu ya Austria iliyosambaa dunia nzima mwaka 2004. Jitu la theluji linampiga pengwini, pengwini anaruka, unahesabu mita. Basi. Karatu hakuna theluji, hakuna pengwini, na jitu lenyewe ni hadithi ya Himalaya. Hakuna aliyeuliza maswali. Kila mtu alitaka kumrusha mbali kuliko aliyetangulia.

Kilichofanya gemu hizo ziwezekane ni programu inayoitwa Flash. Ilitoka mwaka 1996 kwa jina jingine, FutureSplash, ikiwa chombo cha kuchora katuni nyepesi za kwenye tovuti. Ikanunuliwa na Macromedia, na mwaka 2005 Macromedia yenyewe ikanunuliwa na Adobe. Uzuri wake ni kwamba kijana mmoja chumbani kwake, Marekani au Ulaya, angeweza kuchora, kuandika maagizo na kutoa gemu nzima kwenye faili moja dogo, na mtu yeyote mwenye kivinjari akaifungua bila kusakinisha kitu. Tovuti kama Miniclip, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2001, zilikusanya mamia ya gemu za hivyo na kuziweka bure.

Bure kwa nani? Tovuti zililipwa na matangazo. Matangazo hayo yalilenga watu wenye magari ya kukatia bima na kadi za benki za kununulia viatu. Kijana wa Karatu hakuwa soko la mtu yeyote kati yao. Kwa hiyo kwa upande wa gemu yeye alikula bure kabisa, kwa hesabu ya watu wa mbali ambao hawakujua kama yupo. Alicholipia ni kiti.

Na kiti kilikuwa ghali kwa sababu ya kasi. Hesabu ni rahisi. Dishi la kilobiti 64 kwa sekunde, faili la gemu la megabaiti moja: ukiwa peke yako unasubiri zaidi ya dakika mbili. Mkiwa kumi mnagawana bomba hilohilo, ni zaidi ya dakika ishirini. Kijana anatazama kile kimstari kikijaa, asilimia 31, 32, huku saa ya kafe inahesabu. Mji wa kusubiri, hata ndani ya mchezo wa kuondolea kusubiri. Kisha umeme unakatika, maana 2006 ulikuwa mwaka wa mgao mkali nchi nzima, na kimstari kinaanza upya.

Ujanja ukapatikana, kama kawaida. Faili la Flash likishafika kwenye mashine halihitaji tena intaneti. Aliyejua kulichimbua kwenye folda za kompyuta aliliweka kwenye flashi yake, akalipeleka kwenye kompyuta yoyote, hata ya ofisi ya mjomba isiyo na mtandao. Flash ndani ya flashi. Gemu moja ikipakuliwa mara moja kwa tabu, inazunguka mji mzima kwa mkono. Kwa muda huo mfupi ilikuwa bure kama kokoto za enkeshui, na haishangazi kwamba mitaani ilienea kwa njia ileile: mtu kwa mtu.

Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea kwa karibu. Juni ilizinduliwa FarmVille kwenye Facebook, gemu ya kulima shamba la kufikirika. Julai mkebo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi, ukiwa umetia nanga Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza nchi haikutegemea setilaiti pekee. Ukitaka kucheka, fikiria FarmVille kwa macho ya Karatu. Mtoto wa mkulima wa vitunguu, aliyemkimbia baba yake asiende kufungua mfereji wa kumwagilia kule Mang'ola, analipa kafe ili avune mahindi ya kwenye skrini, na akichelewa kurudi yananyauka. Baba angeona angelia.

Baada ya hapo simu zikaanza kuiua kafe. Kwanza Nokia ndogo na Opera Mini, na tovuti ya Waptrick ambako vijana walipakua gemu za Java na kuzirusha kwa bluetooth. Halafu simu za kupangusa. Lakini hapo pana jambo ambalo wengi hawakuligundua wakati linatokea. Aprili 2010 bosi wa Apple, Steve Jobs, aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini iPhone haitapokea Flash: inakula betri, si salama, haikutengenezwa kwa kidole. Mwaka 2012 Adobe wenyewe wakaiondoa kwenye duka la Android. Yaani Karatu ilipopata intaneti ya mfukoni, gemu zenyewe hazikuingia mfukoni. Maelfu ya michezo ya bure yalibaki kwenye kompyuta za mezani, na kompyuta za mezani zilibaki kwenye kafe, na kafe zilikuwa zinafungwa.

Kulikuwa na ahadi nyingine ya bure. Oktoba 2014 Facebook kwa kushirikiana na Tigo walileta Tanzania huduma yao ya intaneti isiyokatwa bando, ambayo baadaye iliitwa Free Basics. Unaingia Facebook, unasoma hali ya hewa, unasoma habari za afya, bila salio. Masharti yake ya kiufundi yalitaka kurasa ziwe nyepesi, bila video, bila JavaScript. Sasa gemu ya kwenye brauza bila JavaScript ni kama bao bila kete. Intaneti ya bure ilikuja ikiwa imeacha mchezo mlangoni.

Mwaka huohuo 2014 ndio ulioleta mchezo uliowafaa hasa watu wa Ngorongoro, na uliletwa bila hata kuwalenga. Wabunifu wa Google walikuwa wanafikiria ule ukurasa unaotokea kwenye Chrome mtandao ukikatika. Wakaweka mjusi mkubwa wa kale, T-Rex, kwa utani kwamba kukosa intaneti ni kurudi enzi za kale. Ukigusa anakimbia, unaruka miiba ya kakati, unainama ndege wakipita. Michoro ya kijivu, hakuna rangi, hakuna hadithi.

Kwa mtu wa Dar au Nairobi huo ni mchezo wa sekunde thelathini mpaka mtandao urudi. Kwa mpishi aliye Simba ni mchezo wa mchana mzima. Kijana yule wa kafe sasa ni mtu mzima wa kambi, anachemsha supu ya watu kumi na wawili kwenye baridi, na kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana hana mgeni hata mmoja. Bando limeisha tangu Mto wa Mbu. Mnara unashika ukisimama huku, ukigeuka unapotea. Kila kitu kwenye simu kinamwambia hakuna mtandao, na kitu kimoja tu kinamwambia hakuna mtandao, haya kimbia.

Mwaka 2018 Google walisema mchezo huo unachezwa mara milioni 270 kila mwezi, na kwamba wachezaji wengi wanatoka nchi ambazo mtandao wake ni wa kukatikakatika au bando lake ni ghali. Walitaja India, Brazil, Mexico na Indonesia. Karatu haikutajwa, lakini maelezo ni yake. Huo ukawa mchezo uliorudisha hali ya zamani: hakuna tangazo ndani yake, hakuna akaunti, hakuna bando, hakuna mtu anayekudai. Mwaka huohuo 2014 Mwitaliano wa miaka 19 alikuwa ameandika 2048, ule mchezo wa kusukuma namba, kwa siku za mapumziko tu, akauachia mtu yeyote autumie bure. Ni vitu vya kundi moja. Mtu alikuwa na saa tupu.

Kafe zilizobaki zilipata pigo jingine 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotaka kafe ziweke kamera za ulinzi. Kwa chumba chenye kompyuta nne za zamani, gharama hiyo haikuwa na maana. Nyingi zikageuka kuwa sehemu za kutoa fotokopi na kujaza fomu za mkopo. Watoto walishahamia vibanda vya PlayStation, ambavyo vina hadithi yao.

Kisha ukaja 2020. Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 walishuka hadi kama 620,000. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18, lakini ndege kuruhusiwa si wageni kuja. Karatu haijawahi kusubiri hivyo. Magari yaliegeshwa yakafunikwa maturubai. Loji zikabaki na mlinzi. Madereva waliokuwa wakilipwa kwa safari hawakuwa na safari, na wapishi wa kambi ambao hata mkataba hawakuwa nao walirudi kwao kulima au walikaa kijiweni na drafti.

Na mwisho wa mwaka huohuo, Desemba 31, Flash ilizimwa rasmi. Adobe walitangaza tangu Julai 2017, kwa hiyo haikuwa ghafla. FarmVille ya kwanza ilifungwa siku hiyohiyo. Januari 12, 2021 hata faili zilizokuwa kwenye mashine zilianza kukataa kufunguka ndani ya programu ya Adobe. Zile gemu za kwenye flashi zilizozunguka Karatu kwa mkono zikawa mafaili yasiyosema kitu.

Inasikitisha, ndiyo, lakini kifo cha Flash si ndicho kilichoumiza watu. Kilichoumiza ni kilichoketi kwenye kiti kilichobaki wazi.

Kubeti kulikuwapo. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ipo tangu 2003, na mikeka ya mpira ilikuwa imeenea nchi nzima miaka mingi kabla ya janga. Lakini mkeka ni kitu cha kusubiri: unaweka Jumamosi, mechi inachezwa, mkeka unachanika Jumapili usiku, wiki nzima unapumzika. Kilichoingia kwa kishindo baada ya 2020 ni kitu cha namna nyingine. Aviator ilitolewa 2019 na Spribe, kampuni ya Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi. Kijindege chekundu kinapaa, namba inapanda, 1.20, 1.85, 2.40, na wewe unatakiwa utoe pesa yako kabla hakijatoweka. Kikitoweka na pesa yako ndani, imekwenda.

Utazame kwa macho ya mtu aliyekulia kafe. Inafunguka kwenye brauza. Haihitaji kusakinisha. Michoro rahisi, kidole kimoja, kitu kinachopaa na namba inayoongezeka. Ni pengwini wa Yetisports aliyevaa mabawa. Na ina sehemu ya majaribio, pesa za bandia, unacheza bure kadiri utakavyo. Hakuna mahali ambapo mkono wa mpishi wetu unasita, kwa sababu mkono wake umeshafundishwa tangu akiwa na miaka kumi na tano kwamba kitu cha namna hii ni burudani tu. Tofauti ni kwamba safari hii pesa ya simu iko umbali wa namba za siri nne.

Watengenezaji wanasema wazi kwamba mchezo unarudisha asilimia 97 ya kinachowekwa. Inasikika vizuri. Watu wanaisoma kama alama ya mtihani. Lakini hiyo ni kwa kila mzunguko. Aliyeanza na shilingi 10,000 akawa anazirudisha zote kila mara, kwa wastani baada ya mizunguko 20 amebaki na kama 5,400. Baada ya mizunguko 50, kama 2,200. Na mzunguko mmoja huchukua sekunde tu. Hamsini inaisha kabla wali wa kambi haujaiva. Wastani maana yake wapo watakaotoka na laki na watapiga picha ya skrini wairushe kwenye kundi la madereva, na wapo wengi zaidi watakaotoka na sifuri na hawatarusha picha yoyote. Kundi linaona laki peke yake.

Ndipo ile posho ya safari, bakshishi ya dola aliyopewa mpishi na wageni getini, ile ambayo zamani ilifika nyumbani ikiwa pungufu ya soda mbili na vocha, inaishia njiani kati ya Lodoare na stendi. Ada ya mtoto inacheleweshwa "mpaka safari ijayo". Mke anaulizia mahindi ya mashine, anajibiwa wageni hawakutoa kitu. Kwenye bao mtu alipoteza heshima kwa jioni moja. Hakuwahi kupoteza gunia. Wanaosema tatizo ni vijana kupenda gemu wamekosea mlango. Vijana wa Karatu wamecheza gemu kwa miaka ishirini bila kuuza mbuzi wa mtu. Kilichobadilika ni nani anakusanya, na anakusanya mara ngapi kwa saa.

Kuhusu zile za zamani, kuna habari njema kidogo. Tangu 2018 kuna kundi la kujitolea, Flashpoint, linalohifadhi gemu za Flash, na wameokoa zaidi ya laki moja. Novemba 2020 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ikaanza kuzifungua kwa programu inayoitwa Ruffle, inayofanya kazi ndani ya brauza, hata ya simu. Kwa hiyo mtu aliyekwama asilimia 32 mwaka 2006 anaweza kumalizia leo kwa bando la kawaida, kwa sekunde. Kwa wanaopenda kuumiza kichwa, kuna Lichess, tovuti ya sataranji iliyoanzishwa na Mfaransa mwaka 2010, haina tangazo hata moja, inaendeshwa kwa michango, na inakula data kidogo sana. T-Rex naye bado yupo. Huhitaji hata kuzima data, unaandika chrome://dino pale juu. Ukifika pointi 99,999 anarudi sifuri. Hakuna zawadi.

Miniclip, ile ya enzi za kafe, mwaka 2022 iliondoa karibu gemu zote kwenye tovuti yake ikahamia simu.

Na bao? Tovuti nyingi za gemu za bure zina mchezo unaoitwa Mancala, na wageni wengi wanaopita Karatu huamini ndilo bao la Afrika wanaloliona kwenye maduka ya vinyago. Silo. Mchezo huo kwa kawaida ni Kalah, uliotungwa na Mmarekani mwaka 1940 akaja kuuuza kama bidhaa: mistari miwili, mashimo sita kila upande, kapu la kuwekea ushindi. Ni mwepesi kiasi kwamba mwaka 2000 watafiti walitumia kompyuta kuutatua, yaani kujua nani atashinda kabla hamjaanza. Bao la Kiswahili lina mistari minne, lina kunamua na mtaji, kete hazitoki kabisa mchezoni, na kuna shimo moja linaitwa nyumba ambalo lina sheria zake peke yake.

Mwonyeshe hiyo Mancala ya simu mzee yeyote wa kijiweni aliyelijua bao la pwani. Ataishika simu kwa mbali kidogo, atatafuta kwa kidole, halafu atauliza: sasa nyumba iko wapi?